Mwanga, Saratani na Kinga ya Mwili: Tiba Inayoamshwa na Mwanga

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii, uweze:
(a) kueleza jinsi mwanga wa jua unavyosababisha saratani ya ngozi, hasa kwa watu wenye ualbino;
(b) kutaja mahitaji matatu ya tiba inayoamshwa na mwanga na kazi ya kila moja;
(c) kufafanua, hatua kwa hatua, jinsi seli za saratani zilizouawa kwa tiba hiyo zinavyoamsha kinga ya mwili;
(d) kutathmini faida na mipaka ya tiba hiyo kwa mgonjwa wa Shinyanga au Geita.

1. Utangulizi

Mikoa ya Shinyanga na Geita hupata jua kali karibu mwaka mzima. Jua hilohilo linaloivisha pamba, kukausha mpunga na kumfanya mchimbaji mdogo atafute kivuli saa sita mchana, ndilo chanzo kikuu cha saratani ya ngozi kwa watu wenye ualbino. Hata hivyo, wanasayansi wamegundua kwamba mwanga ukichaguliwa vizuri na kuunganishwa na dawa maalumu unaweza kuua seli za saratani. Zaidi ya hayo, unaweza kuuzindua mwili ili upambane wenyewe na seli zilizobaki.

Je, mwanga unawezaje kuwa sumu na dawa kwa wakati mmoja? Jibu fupi ni hili: inategemea ni mwanga wa aina gani, na ndani ya seli unapokelewa na kitu gani. Shika jibu hilo, maana mada yote imejengwa juu yake.

2. Mwanga unaodhuru

Mwanga husafiri kwa mawimbi. Urefu wa wimbi hupimwa kwa nanomita, na nanomita milioni moja ni sawa na milimita moja. Mwanga tunaouona kwa macho una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700 hivi, kuanzia urujuani mpaka mwekundu. Mawimbi mafupi kuliko hayo huitwa miale ya urujuanimno. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba wimbi likiwa fupi, nishati yake ni kubwa.

Miale ya urujuanimno yenye nanomita 280 hadi 315 hufyonzwa moja kwa moja na DNA iliyo katika kiini cha seli za ngozi. Nishati hiyo huunganisha vipande viwili vya DNA vilivyo jirani, ambavyo havikupaswa kushikana. Kwa kawaida vimeng'enya vya seli hukarabati kosa hilo. Lakini makosa yakiwa mengi kila siku, miaka nenda miaka rudi, baadhi hubaki. Kosa likiangukia kwenye jeni inayodhibiti mgawanyiko wa seli, seli huanza kugawanyika ovyo. Huo ndio mwanzo wa saratani.

Ngozi ina mwavuli wake wa asili, yaani melanini, rangi inayofyonza miale hiyo kabla haijaifikia DNA. Mtu mwenye ualbino hutengeneza melanini kidogo sana au hatengenezi kabisa. Hali hii hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, hata kama wao wenyewe hawana ualbino. Wazazi wawili wenye jeni moja ya ualbino kila mmoja wana uwezekano wa robo, katika kila ujauzito, wa kupata mtoto mwenye ualbino. Nchini Tanzania hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya watu 1,400 ana ualbino.

Madhara yake yanaonekana katika takwimu za Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, inayohudumia pia wagonjwa wa Shinyanga na Geita. Mwaka 2012 madaktari wa hospitali hiyo walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 64 wenye ualbino waliotibiwa saratani ya ngozi. Chunguza matokeo haya:

- Umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 30, yaani nusu yao walikuwa na umri usiozidi huo.
- Asilimia 71.8 walikuwa na saratani ya kichwani au shingoni, sehemu ambazo nguo haizifuniki.
- Muda wa kati kutoka kuona dalili hadi kufika hospitali ulikuwa miezi 24.
- Asilimia 93.8 walifanyiwa upasuaji, na asilimia 37.5 walipata tiba ya mionzi.
- Asilimia 42.2 hawakumaliza matibabu kwa kukosa fedha.

Tutairudia orodha hii mwishoni mwa mada, kwa sababu tiba yoyote, hata iwe nzuri namna gani maabara, hupimwa kwa mgonjwa wa namna hii.

3. Ugunduzi wa tiba

Mwaka 1900 mwanafunzi wa udaktari aitwaye Oscar Raab alichapisha majaribio aliyoyafanya mjini Munich, Ujerumani, chini ya mwalimu wake Hermann von Tappeiner. Alikuwa akipima jinsi rangi iitwayo akridini inavyoua paramesiamu, kiumbe cha seli moja unachokifahamu kutoka kwenye somo la Baiolojia. Jambo lilimtatiza: dozi ileile ya rangi ilitoa matokeo tofauti. Alipochunguza aligundua kwamba tofauti ilikuwa mwanga uliokuwamo chumbani. Rangi peke yake gizani haikuua kama ilivyotarajiwa, na mwanga peke yake haukuua. Vilipokutana, paramesiamu walikufa.

Baadaye von Tappeiner na wenzake walionyesha kwamba oksijeni nayo inahitajika. Mwaka 1903 walijaribu njia hiyo kwa wagonjwa wenye uvimbe wa ngozi, wakitumia rangi iitwayo eosini pamoja na mwanga. Mwaka huohuo daktari wa Denmark, Niels Finsen, alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Usichanganye mambo haya mawili: Finsen hakutumia dawa yoyote ya kupokea mwanga.

Wazo hilo lilikaa miongo kadhaa bila kuendelezwa sana hadi miaka ya 1970, Thomas Dougherty alipolifanyia kazi huko Buffalo, Marekani. Mwaka 1978 yeye na wenzake waliripoti kwamba katika uvimbe 113 uliotibiwa kwa njia hiyo, 111 ulipungua au kutoweka kabisa. Mwaka 1993 Kanada ikawa nchi ya kwanza kuidhinisha dawa ya aina hiyo, iitwayo Photofrin. Marekani ilifuata mwaka 1995 kwa wagonjwa wa saratani ya umio.

4. Mahitaji matatu

Tiba inayoamshwa na mwanga, ambayo kuanzia hapa tutaiita tiba-mwanga, inasimama juu ya mafiga matatu. Figa moja likiondolewa, chungu kinaanguka.

(i) Dawa inayopokea mwanga. Hii ni molekuli yenye rangi, na nyingi kati yake zina undugu wa karibu na klorofili ya majani na hemu ya damu. Gizani haina madhara makubwa. Kwa saratani za juu ya ngozi, dawa inayotumika sana hupakwa kama krimu yenye asidi ya aminolevulini. Asidi hiyo yenyewe haipokei mwanga. Seli huichukua na kuigeuza kuwa protopofirini, ambayo ndiyo inayopokea mwanga. Seli za saratani hulimbikiza protopofirini nyingi kuliko seli jirani zilizo na afya, na hapo ndipo uteuzi wa tiba unapoanzia.

(ii) Mwanga wa wimbi linalofaa. Protopofirini huamshwa vizuri na mwanga mwekundu wa nanomita 635 hivi. Mwekundu huchaguliwa kwa sababu hupenya tishu zaidi kuliko bluu. Weka kiganja chako mbele ya tochi gizani, utaona mwanga unaotokea upande wa pili ni mwekundu, kwani rangi nyingine zimefyonzwa njiani. Hata hivyo, mwekundu nao hupenya milimita chache tu kwa nguvu ya kutosha kutibu.

(iii) Oksijeni. Dawa ikishapokea nishati ya mwanga, huikabidhi kwa molekuli za oksijeni zilizo jirani. Oksijeni hiyo hugeuka kuwa oksijeni iliyochangamshwa, ambayo hushambulia mafuta na protini za seli. Uhai wake ni mfupi mno, chini ya sekunde kwa mamilioni, kwa hiyo haiwezi kusafiri mbali. Huharibu pale ilipozaliwa na si kwingine.

Zingatia: Tiba-mwanga si kuchoma kwa joto. Ni mmenyuko wa kikemia. Pia si tiba ya mionzi inayotolewa Bugando au katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi hiyo ina nishati kubwa sana na hupenya hadi ndani ya mwili, wakati mwanga mwekundu hauwezi kuivunja DNA wenyewe.

5. Jinsi uvimbe unavyokufa

Tiba-mwanga huua saratani kwa njia tatu:

Kwanza, huua seli moja kwa moja kwa kuharibu utando wa seli na mitokondria.

Pili, huharibu mishipa midogo ya damu inayolisha uvimbe. Damu huganda, oksijeni na chakula havifiki, na uvimbe hufa njaa.

Tatu, huamsha kinga ya mwili. Njia hii ya tatu ndiyo iliyowashangaza watafiti, na ndiyo kiini cha mada hii.

6. Kwa nini kinga haiioni saratani?

Wazee wa Shinyanga wanaikumbuka vizuri miaka ya mwanzo ya 1980, sungusungu walipoanza doria vijijini kupambana na wizi wa ng'ombe. Mgeni anayeswaga ng'ombe usiku alitambulika upesi. Lakini mwizi aliyezaliwa kijijini, anayesalimia watu vizuri na kulala nyumba ya tatu kutoka kwako, alikuwa mgumu kumkamata. Alionekana mwenzetu.

Seli ya saratani ni mwizi wa namna hiyo. Haikutoka nje kama bakteria au kimelea cha malaria. Imetokana na seli za mwili wenyewe, na protini zake nyingi ni zilezile. Ile michache iliyobadilika huifichaficha. Aidha, uvimbe mwingine hutoa kemikali za kuzituliza seli za kinga zinazokaribia.

Kinachohitajika ni yowe. Tiba-mwanga hulipiga yowe hilo.

7. Hatua za kuamsha kinga

Seli za mwili hufa kila siku kwa utaratibu, kimyakimya, na mabaki yake huondolewa bila kelele. Kinga haina haja ya kuamka. Lakini seli iliyopigwa na oksijeni iliyochangamshwa mara nyingi hufa kwa kelele. Fuata hatua hizi:

Hatua ya 1: Ishara za hatari. Seli inayokufa hutoa protini iitwayo kalretikulini kutoka ndani na kuiweka juu ya utando wake. Protini hiyo ni kama bango linalosema "nimeze". Seli humwaga pia ATP nje. Unaijua ATP kama hifadhi ya nishati ndani ya seli; ikionekana nje huwa ni habari kwamba kuna nyumba imebomoka.

Hatua ya 2: Uvimbe mkali. Eneo lililotibiwa huwa jekundu, huvimba na kuuma. Seli nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili hufika kwa wingi ndani ya saa chache.

Hatua ya 3: Kukusanya ushahidi. Seli za dendriti, ambazo kazi yake ni upelelezi, humeza mabaki ya seli za saratani. Huyakatakata na kutoa vipande vya protini zilizobadilika, yaani antijeni.

Hatua ya 4: Kupeleka taarifa. Seli za dendriti husafiri hadi kwenye tezi za limfu zilizo karibu, kama zile za shingoni, kwapani au kinenani. Huko huzionyesha seli T vile vipande.

Hatua ya 5: Kuzaliana kwa askari. Seli T inayolingana na antijeni hiyo hugawanyika na kuwa maelfu. Zile zenye uwezo wa kuua huingia katika damu na kuwinda seli yoyote yenye antijeni ileile, hata ile ambayo mwanga haukuifikia.

Hatua ya 6: Kumbukumbu. Baadhi ya seli T hubaki kwa muda mrefu. Saratani ileile ikijaribu kurudi, hutambuliwa mapema.

Linganisha hatua hizi na chanjo. Katika chanjo ya surua, mwili huonyeshwa virusi vilivyodhoofishwa. Katika tiba-mwanga, uvimbe wa mgonjwa mwenyewe hugeuzwa kuwa kitu kinachofanana na chanjo.

8. Ushahidi wa kisayansi

Tunajuaje kwamba kinga inahusika kweli? Mwaka 1996 Mladen Korbelik na wenzake huko Vancouver, Kanada, waliripoti jaribio ambalo kila mwanafunzi wa sayansi anafaa kulijua kwa jinsi lilivyopangwa.

Walichukua panya wa maabara wenye uvimbe wa aina moja na kuwapa tiba-mwanga ileile. Kundi la kwanza lilikuwa na kinga ya kawaida. Kundi la pili lilikuwa la panya waliozaliwa bila seli za kinga kama seli T. Mwanzoni uvimbe ulitoweka katika makundi yote mawili. Lakini katika panya wasio na kinga, uvimbe ulirudi. Kisha watafiti walichukua panya wasio na kinga na kuwapandikizia uboho kutoka kwa panya wenye kinga ya kawaida. Matokeo ya tiba yaliboreka.

Kilichobadilishwa ni kinga tu. Uvimbe, dawa na mwanga vilibaki vilevile. Hivyo basi, mwanga uliondoa uvimbe, lakini kinga ndiyo iliyouzuia usirudi.

Mwaka 2002 Sandra Gollnick na wenzake, Buffalo, waliongeza ushahidi mwingine. Waliua seli za saratani kwa tiba-mwanga ndani ya vyombo vya maabara, kisha wakawachanja panya kwa mabaki yake. Mabaki hayo yaliwakinga panya vizuri kuliko mabaki ya seli zilizouawa kwa miale ya urujuanimno. Funzo lake ni kwamba kwa mfumo wa kinga, namna seli ilivyokufa ina uzito sawa na kufa kwenyewe.

Mwaka 2020 Japani iliidhinisha tiba ya hatua inayofuata kwa saratani za kichwa na shingo zisizoweza kupasuliwa. Katika tiba hiyo, dawa inayopokea mwanga hufungwa kwenye kingamwili, na kingamwili huibeba hadi kwenye seli za saratani kabla taa haijawashwa.

9. Dhahabu inaingiaje?

Kwa mkazi wa Geita, Kahama au Bulyanhulu, dhahabu ni mawe, makarasha na zebaki. Maabara, dhahabu ina tabia nyingine. Mwaka 1857 Michael Faraday, huko London, alionyesha kwamba dhahabu ikiwa chembe ndogo mno ndani ya maji haing'ai njano, bali huwa nyekundu kama rubi. Chembe za namna hiyo hufyonza mwanga kwa nguvu na kuugeuza kuwa joto.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, wakiongozwa na Naomi Halas na Jennifer West, walionyesha kwamba vijiduara vya silika vilivyovikwa ganda jembamba la dhahabu vinaweza kuua seli za saratani vikimulikwa kwa mwanga ulio jirani na mwekundu, usioonekana kwa macho. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya majaribio kwa wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume, na tiba ilikamilishwa kwa 15 kati yao. Zingatia tofauti: hapa dhahabu huua kwa joto, haihitaji oksijeni. Kwa hiyo si tiba-mwanga tuliyoieleza katika sehemu ya 4, ingawa zote mbili huamshwa na mwanga.

Hapa lazima tuseme jambo lingine kuhusu dhahabu na watu wenye ualbino. Kuanzia mwaka 2007 hivi, watu wenye ualbino waliuawa na wengine kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa sababu ya uongo wa waganga kwamba viungo vyao huleta bahati ya mali, ikiwamo ya machimbo. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wa Bukombe, wilaya ambayo sasa ipo mkoa wa Geita. Watoto wengi walilazimika kuhamishiwa mahali salama, kama kituo cha Buhangija mjini Shinyanga. Mwanafunzi wa sayansi anajua kwamba mwamba wa dhahabu uliundwa na joto, shinikizo na maji ya moto ardhini mamilioni mengi ya miaka iliyopita. Kiungo cha binadamu hakiwezi kuusogeza hata hatua moja. Tofauti ya mtu mwenye ualbino na mwenzake ni jeni inayohusika na rangi, basi.

10. Faida na mipaka

Faida za tiba-mwanga:
- Haiachi kovu kubwa, jambo muhimu kwa saratani za usoni.
- Inaweza kurudiwa mahali palepale.
- Hutibu madoa mengi ya awali kwa mara moja. Ngozi ya mtu mwenye ualbino mara nyingi ina madoa ya namna hiyo mengi.
- Huweza kuamsha kinga.

Mipaka yake:
- Haifiki mbali. Saratani iliyozama ndani ya ngozi au kusambaa haiwezi kutibiwa kwa krimu na taa. Katika utafiti wa Bugando, robo tatu ya wagonjwa walikuwa na saratani ya seli bapa, aina inayoweza kuzama na kusambaa. Baada ya miezi 24 ya kusubiri, wengi wanahitaji upasuaji.
- Hufanya ngozi iogope mwanga. Mgonjwa aliyedungwa Photofrin lazima ajiepushe na jua kwa siku 30 au zaidi. Fikiria mkulima wa Kishapu au muuza nyanya wa mnada wa hadhara akikaa ndani mwezi mzima. Dawa ya krimu ina masharti mepesi zaidi, kwani ngozi hufunikwa kwa siku mbili hivi.
- Huuma wakati wa kumulikwa.
- Mwitikio wa kinga kwa wagonjwa mara nyingi ni dhaifu kuliko ule wa panya wa maabara. Ndiyo maana watafiti wanajaribu kuiunganisha tiba-mwanga na dawa nyingine za kuimarisha kinga.
- Inahitaji dawa ya gharama, taa yenye wimbi sahihi na mtaalamu.

Onyo: Usipake rangi, krimu au dawa yoyote na kukaa juani ukidhani unajitibu. Miale ya urujuanimno iliyomo juani itaendelea kuharibu DNA, na dawa isiyopimwa inaweza kukuunguza. Mtu anayeuza "taa ya kuponya saratani" mnadani au gesti hana tiba iliyoelezwa hapa.

11. Nini kifanyike leo?

Rudi kwenye orodha ya Bugando. Tatizo la kwanza katika orodha ile ni miezi 24 ya kuchelewa na watu wanne katika kila kumi kukatisha matibabu kwa kukosa fedha, na hakuna taa inayotibu mambo hayo mawili. Kwa hiyo kinga na kuwahi hospitali vinabaki mbele ya tiba yoyote mpya:

(a) Kuvaa kofia yenye ukingo mpana pande zote, nguo za mikono mirefu na miwani ya jua.
(b) Kupaka losheni ya kukinga jua kila siku. Losheni ya Kilisun hutengenezwa KCMC, Moshi, mahususi kwa watu wenye ualbino.
(c) Shule kumweka mwanafunzi mwenye ualbino kivulini wakati wa mstarafu, michezo na kazi za shamba, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri.
(d) Kuchunguza ngozi mara kwa mara. Kidonda kisichopona kwa wiki nne, doa gumu lenye magamba au uvimbe unaotoa damu upelekwe hospitali. Doa la awali linaweza kuondolewa kwa kugandishwa kwa baridi kali, kwa dakika chache tu, kabla halijawa saratani.

12. Muhtasari

Mwanga wenye wimbi fupi hufyonzwa na DNA na kuleta saratani. Mwanga mwekundu ukifyonzwa na dawa maalumu penye oksijeni huua seli za saratani, huziba mishipa yao na kutoa ishara zinazoamsha kinga. Seli za dendriti hupeleka antijeni kwenye tezi za limfu, seli T huzaliana na kuwinda. Tiba hii inafaa zaidi saratani za juujuu na za mapema, kwa hiyo thamani yake hutegemea mgonjwa kufika mapema.

Maswali ya marudio

1. Taja mahitaji matatu ya tiba-mwanga na ueleze kitatokea nini kila moja likikosekana.
2. Kwa nini mwanga mwekundu huchaguliwa badala ya bluu katika kutibu uvimbe mzito kidogo?
3. Katika jaribio la mwaka 1996 la Vancouver, taja kilichobadilishwa kwa makusudi na vitu viwili vilivyobaki vilevile. Watafiti walihitimisha nini?
4. Baba na mama hawana ualbino, lakini mtoto wao wa kwanza ana ualbino. Kuna uwezekano gani kwamba mtoto wa pili atakuwa na ualbino?
5. "Tiba-mwanga ikiletwa Geita, losheni na kofia hazitahitajika tena." Jadili kauli hii kwa kutumia takwimu za Bugando.

Mwongozo wa majibu

1. Bila dawa, mwanga mwekundu hupita bila madhara. Bila mwanga, dawa hubaki imelala. Bila oksijeni, dawa iliyoamshwa haina wa kumkabidhi nishati.
2. Mwekundu hupenya tishu zaidi. Bluu hufyonzwa karibu na uso wa ngozi.
3. Kilichobadilishwa ni kuwepo kwa kinga. Aina ya uvimbe, dawa na mwanga vilibaki vilevile. Hitimisho: kinga huzuia uvimbe usirudi.
4. Robo, yaani asilimia 25. Ualbino wa mtoto wa kwanza haubadilishi hesabu ya mtoto wa pili.
5. Kauli si sahihi. Mwanafunzi aeleze kwamba tiba-mwanga hutibu saratani za juujuu tu, kwamba muda wa kati wa kuchelewa ulikuwa miezi 24, kwamba asilimia 42.2 hawakumaliza matibabu kwa kukosa fedha, na kwamba jua huendelea kuharibu DNA ya ngozi isiyokingwa hata baada ya mgonjwa kutibiwa. Alama zaidi zitolewe kwa jibu linaloonyesha kwamba kinga na tiba hukamilishana.